Mchanga Kwenye Uji wa Ulezi

Mama,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie hapo ulipolala. Najua swali lako la kwanza halitanihusu mimi. Hutauliza kama nimeolewa, hilo ulishalikatia tamaa ukiwa hai. Utauliza: baba yako anakula? Basi tulia. Nitakujibu, ila nitakujibu kwa mpango wangu, maana nimeteseka sana kulipata jibu hilo, na leo sitakubali udai mwisho wa habari kabla ya mwanzo wake kama ulivyozoea kuwafanyia majirani.

Ni miezi minane sasa. Baada ya arobaini watu walikunja mikeka, wakarudisha sufuria kubwa za msikiti, wakaenda zao. Mimi nilirudisha ufunguo wa chumba changu cha Kinama nikahamia tena hapa Buyenzi, kwenye kitanda changu cha zamani, kile kilichovunjika mguu na Baba akakiegemeza kwa pistoni ya lori. Bado kinalia ukigeuka. Asubuhi naenda kazini Kigobe, jioni narudi, na kwa muda mrefu kila niliporudi nilimkuta Baba palepale nilipomwacha, kwenye kiti chake mlangoni, chai ya asubuhi iko pembeni imefanya ngozi juu.

Hakuwa akilia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Alikuwa hali chakula tu. Nilipika wali. Nilinunua mukeke, yule samaki mliyekuwa mkigombania kichwa chake kila Ijumaa, nikampa kichwa chote bila kugombana. Nilipika maharage kwa mawese. Sahani ilirudi jikoni kama ilivyotoka, na yeye ananiambia, "Aksanti, mama, nimeshiba," mtu ambaye hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Nikamwona siku moja anatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari. Baada ya wiki mbili akatoboa la pili.

Shangazi Mwamini alikuja kumwona kaka yake. Unamjua, hajui kunong'ona. Alinivuta uani akasema, "Zaituni, huyu anamufata mwenziwe. Mi nimeona wengi." Nilimkasirikia, nikamjibu vibaya, na leo nimeshamwomba radhi. Nilimkasirikia kwa sababu hata mimi nilikuwa naona hivyohivyo, na nilikuwa naogopa kuwazika wawili ndani ya mwaka mmoja.

Sasa kuna jambo lazima niliseme kabla sijaendelea. Ni kuhusu ulezi, uburo wetu.

Unakumbuka lile boksi la siriali nililokuletea, la kuchanganya na maziwa? Uliliangalia ukasema limejaa upepo. Mimi nikakuambia, "Mama, achana na huo uburo wako, hicho ni chakula cha wazee wa milimani." Asubuhi iliyofuata, nilipopita hapa nikienda kazini, ulinifungia uji kwenye termosi kama kawaida, na mimi kama kawaida niliuficha ndani ya dawati la ofisi mpaka wenzangu watoke, halafu nikaumwaga chooni. Miaka mitatu, Mama. Siyo kila siku, lakini siku nyingi. Na ulipolazwa, siku ile ya Jumanne uliponiambia unatamani uji wa uburo, mimi nilikimbia dukani nikakuletea yaghurti ya sitroberi. Ulikula vijiko viwili ili nisijisikie vibaya. Nilijua unanionea huruma. Nisamehe. Nimeliandika hili mara nne na kulifuta, safari hii naliacha.

Kwa hiyo mwezi wa nne baada yako, nilipofungua stoo kutafuta mkaa, nikaona lile debe lako limefunikwa kwa nailoni na kamba, nilijua kilichomo kabla sijafungua. Ulezi, nusu debe. Nikatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Nikakaa chini kidogo. Kisha nikapiga moyo konde: nitampikia Baba uji wako, ataukumbuka, atakula.

Jumamosi nikaubeba ulezi moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga. Najua, Mama, umeshashika kichwa. Mimi sikujua. Nilichungulia ndani ya debe nikaona punje nyekundu nzuri, safi, nikasema ulezi ni ulezi. Nani aliniambia kwamba ulezi unapurwa chini kwenye udongo, na kwamba mchanga unaoingia humo una ukubwa uleule wa punje zake, jicho haliwezi kuutenga? Uliosha na kuanika mbele yangu, au nilidhani hivyo, lakini mimi nilikuwa na vitabu usoni. Ulikuwa unasema, "Mwache mutoto asome, sufuria haitakimbia." Nikasoma. Na ule mchanga wote ukasagwa pamoja na unga, na ukishasagwa hakuna ungo wala chekecheo la kuutoa.

Uji wenyewe ulipikika vizuri, hilo nijisifu. Nilikoroga unga kwa maji baridi kwanza, nikaumimina kwenye maji yanayochemka, nikazungusha mwiko bila kuacha mpaka ukawa mzito na rangi yake ikakolea. Harufu ikajaa nyumba. Baba akainua kichwa. Akatoka kwenye kiti chake, Mama, akaja mezani mwenyewe, akashika kikombe kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama nyuma yake hata kupumua naogopa. Akapiga funda moja, na mimi nikasikia kwa masikio yangu meno yake yakisaga mchanga.

Alitoka nje akatema karibu na mfereji, kwa adabu, kama mgeni. Aliporudi akasema, "Hii iko na muchanga." Akakaa. Halafu akaongeza, "Mama yako hakutulishaka muchanga."

Nililia jikoni mpaka makaa yakazima kwenye jiko la mbabula. Nilijiona mtu asiyefaa. Ilikuwa kesho yake, niko kazini na karatasi zangu, ndipo nikaona nilichokuwa nimekosa kukiona: Baba alikuwa amelalamika. Kwa miezi minne kila kitu kwake kilikuwa aksanti, nimeshiba. Mtu anayekwenda zake halalamiki uji. Nilicheka peke yangu, na mwenzangu wa meza ya pili, Mama Divine, akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Basi nikaanza vita. Nikanunua ulezi mwingine sokoni, nikaenda kwa Shangazi kuazima ungo, akanifundisha kupepeta huku akiuliza kila baada ya dakika, "Kwani mama yako alikufundisha nini?" Makapi yaliruka, vumbi likaruka, nikasaga, nikapika. Baba akanywa mafunda mawili. Akaweka kikombe chini polepole. "Bado," akasema. Lakini yalikuwa mafunda mawili, siyo moja, na kabla ya kuweka kikombe alikuwa amekitazama ndani.

Jumamosi ya tatu nikaamua kuuosha. Niliweka beseni uani, nikatia ulezi, nikamwaga maji, nikaanza kusugua kwa viganja. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Akakohoa. Akatazama barabarani. Akanitazama tena. Nikamwaga maji, nikatia mengine, nikasugua kwa nguvu zaidi. Nikasikia kiti kinasogea.

"We Zaituni. Unaosha uburo kama muchele?"

Nikamwambia ndivyo ninavyojua. Akasimama, akanyoosha mgongo wake mbovu, akaja mpaka nilipo. Halafu akafanya kitu kilichonishangaza: akaenda kufunga mlango wa uani kwa komeo. Akarudi, akavuta kigoda chako, akapandisha mikono ya shati. "Leta beseni ya pili," akasema.

Mama, uliwahi kumwona vizuri akifanya ile kazi? Ni swali la kijinga, uliona mara elfu. Lakini mimi nilikuwa naona mara ya kwanza. Mikono ile iliyofungua injini miaka arobaini, yenye kucha zisizotoka girisi hata kwa Idi, ilishika beseni kama inashika mtoto anayeogeshwa. Anazungusha maji taratibu, ulezi unapanda, anainamisha beseni kidogo na ulezi unatiririka na maji kuingia beseni la pili. Mchanga ni mzito, unabaki chini. Anaongeza maji, anazungusha, anainamisha. Mara tano, mara sita. Mwishoni kikabaki kiasi cha kiganja kimoja, ulezi na mchanga vimechanganyika, mimi nikataka kukiokoa nacho. Akanipiga kidogo kwenye mkono. "Apana. Usikuwe na choyo. Hii ya mwisho ni ya kuku. Ukiifata, inakurudishia muchanga yote."

Nikamuuliza nani alimfundisha. Akacheka, kicheko kifupi kilichotokea puani, na nilikuwa nimekisahau. Akasema, "Nani aliosha uburo ya hii nyumba miaka yote? Ni mi."

Ndipo akanieleza, huku mlango umefungwa, sauti chini, kama mtu anayeungama. Kwamba mwaka ule jeki ilipoteleza na gari likamuumiza mgongo, alilala miezi akigeukia ukuta. Hilo nalikumbuka, nilikuwa darasa la sita, na ulituambia tusicheze karibu na dirisha lake. Kwamba siku moja ulikaa uani na mabeseni yako ukaanza kulia kwamba vidole vyako vinakuuma, huwezi tena kuosha uburo, watoto watakula mchanga. "Vidole yake ilikuwa inamuuma," akasema Baba. "Mi ningefanya nini? Nikaamuka." Akajikokota mpaka uani, ukamwonyesha, akaosha. Na hata mgongo ulipopona akarudi gereji, aliendelea, kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, mlango umefungwa, kwa sababu fundi wa Buyenzi akionekana na beseni la ulezi mapajani, gereji nzima haitanyamaza mwaka mzima. Majirani wakakusifu wewe kwa ulezi usio na mchanga. Na wewe ukapokea sifa.

Uji wa siku hiyo alikunywa vikombe viwili. Nakuandikia tena: vikombe viwili. Nilihesabu.

Tangu hapo Jumamosi imekuwa ya Baba. Anaosha, anaanika kwenye mkeka wa zamani juani, anakaa na fimbo anafukuza njiwa na kuwatukana kwa Kirundi. Ukikauka anaubeba mwenyewe mpaka kwenye mashine, na haruhusu usagwe baada ya muhogo wa mtu, anasubiri zamu ipite, anagombana, anashinda. Asubuhi uji, na limau kidogo. Jioni mara nyingi ugali wake, nachanganya konzi moja ya unga wa muhogo ili ushikane, na ndagala, dagaa wetu, wa kukaanga kwa nyanya, au mchicha wa lengalenga. Nimejaribu hata chapati, nusu ulezi nusu ngano. Ya kwanza ilimvunjikia mkononi. Akaitazama. "Hii ni chapati ama ni vumbi?" Lakini aliila, na ya tatu ilishikana. Shangazi alikuja akakaribishwa ugali, akakata matonge bila kusema neno mpaka akamaliza sahani, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu.

Na mimi nabeba termosi yangu kazini naiweka juu ya meza, watu wote waone. Mama Divine alionja wiki iliyopita. Sasa kila Jumatatu analeta kikombe chake kabla hata sijakaa. Namimina, na kila ninapomimina nafikiria kile choo, na inauma, lakini namimina.

Sitakudanganya kwamba huzuni imekwisha. Kuna siku anaita jina lako akidhani uko jikoni, halafu ananitazama kwa haya. Kuna siku mimi ndiye ninayeita. Lakini tunakula.

Sasa nifike kwenye kosa langu la mwisho, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Nilijifunza kuosha. Unanijua, sipendi kushindwa na kitu. Katikati ya wiki, siku niliyokuwa na mapumziko, Baba akiwa msikitini, nilichukua mabeseni nikaosha ulezi wote wa wiki, nikazungusha, nikainamisha, kiganja cha mwisho nikawapa kuku. Ulitoka safi kabisa. Nikauanika. Nilisema moyoni, nimpumzishe mzee, mgongo wake unamuuma. Nilimsubiri mlangoni kama mtoto aliyeleta matokeo mazuri.

Alikuja, akatazama mkeka. Akainama akachukua punje chache, akatia mdomoni, akatafuna. Hakuna mchanga. "Umejua," akasema. "Ni vizuri, mama." Akaenda kukaa kwenye kiti chake. Mchana huo hakula. Jioni alisema aksanti, ameshiba. Kesho yake pia.

Mama, nilikuwa nimesimama jikoni na sahani yake imejaa mkononi, ndipo nikakumbuka vidole vyako. Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nashinda nawe uani mwaka ule. Vidole vilivyokuwa vinakuuma ndivyo vilivyokamua mablanketi ya nyumba nzima. Ndivyo vilivyonisuka nywele mpaka macho yangu yakavutika kama ya paka. Ulikuwa unasonga ugali wa watu tisa kwa mkono mmoja huku wa pili unachapa mtu. Na hata mwezi ule wa kulazwa, kulikuwa na vifuniko vya chupa ambavyo Baba alishindwa akakupa wewe, ukavifungua bila kusimamisha mazungumzo.

Vidole vyako havikuuma hata siku moja. Au niambie kama nimekosea.

Ulimwona mumeo amegeukia ukuta, ukatafuta kitu ambacho nyumba haiwezi kukila bila yeye. Halafu ukakaa na uongo huo zaidi ya miaka ishirini, hata sisi hukutuambia, hata nilipokucheka na uburo wako wa wazee. Nilidhani nakujua. Nilikuwa najua sufuria zako tu.

Sikumwambia Baba. Sitamwambia. Jumamosi iliyofuata nilitoa mabeseni mapema, nikaosha ulezi kama mchele, kwa makusudi, nikapika kikombe kimoja kwa kuuponda kwenye kinu haraka, nikampelekea. Akapiga funda. Meno yakasaga. Akanigeukia na uso ambao ungekupendeza. "Nilijua tu," akasema. "Ile siku ilikuwa bahati." Akasimama mwenyewe, akaenda kufunga mlango.

Kwa hiyo, Mama, nina ahadi moja kwako, na inahitaji ruhusa yako, maana itakuchafulia jina. Maadamu Baba yu hai, mimi sitajua kuosha ulezi. Nitafundishwa kila Jumamosi na kila Jumamosi nitaharibu. Shangazi ameshaanza kusema mtaani kwamba binti wa ofisi hukumfundisha kitu jikoni. Nitamwacha aseme, na wewe umwachie.

Mungu akupanulie kaburi lako na alijaze nuru. Mimi na mabeseni yangu tutakuja kwako siku yetu ikifika, lakini bado tuna kazi huku.

Mwanao asiyejua kuosha ulezi,
Zaituni